Jiwe Mkononi: Tunapoyaita Mauaji "Mapenzi"

Masomo ya kutafakari: 2 Samweli 13:1-22, Danieli 13



Tuko mwishoni mwa Novemba, Majilio yanabisha hodi. Tarehe 25 Novemba dunia inaanza siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, na tarehe 1 Desemba tunamkumbuka Mwenyeheri Anuarite, sista wa Kongo aliyeuawa kwa sababu alimkatalia mwanaume. Kwa hiyo tafakari ya leo inagusa jambo ambalo kwenye jumuiya zetu tunalinong'ona tu: watu kuuawa kwa ajili ya kile tunachokiita mapenzi, au kwa ajili ya tamaa ya mwili. Wengine wanauawa na waume, wachumba, au wapenzi walioachana nao. Wengine wanauawa na watu ambao hawakuwahi hata kuwapa namba ya simu.

Naomba usome mpaka mwisho, hata kama unaona hili halikuhusu. Mimi pia niliona halinihusu.

"Siku ile haikuanza siku ile"

Sisi wa Butimba tumeshazoea utani. Ukimwambia mtu wa mkoa mwingine kwamba umekulia Butimba anakuuliza, "Ulifungwa kosa gani?" Unacheka, unamweleza kwamba kuna Chuo cha Ualimu, kuna ziwa, kuna watu wanaokwenda kazini kama kawaida. Lakini gereza nalo lipo, limekaa na sisi kama jirani wa siku nyingi.

Kwaresima moja, sisi vijana wa parokia tulikwenda kuwatembelea wafungwa. Tulibeba sabuni, sukari na nyimbo zetu. Baada ya ibada alisogea mzee mmoja mwenye mvi na sauti ya upole, yaani ungemkuta nje ungemwamkia shikamoo na kumpisha kiti. Alituambia bila kuzunguka kwamba alimuua mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Mwenzetu mmoja akamuuliza kwa woga, "Mzee, kwani siku ile ilikuwaje?"

Mzee akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile haikuanza siku ile."

Akaeleza. Alianza kwa kumkataza kwenda kwao. Baadaye akamkataza kuuza genge, kwa sababu wateja wanaume walikuwa wengi. Ikafika hatua anahesabu dakika mke akienda kuteka maji. Siku moja akamkaba shingo, akamwachia, akalia, akasamehewa. "Nikajiona mtu mwema kwa sababu nililia," akasema. Ilipofika siku ya mwisho, mkono ulikuwa umeshajifunza njia.

Wenzangu walikuwa wanatikisa vichwa kwa kumhurumia. Mimi nilikuwa nimeangalia chini. Nitawaambia kwa nini, lakini kwanza tufungue Biblia.

Amnoni na Yonadabu wake

Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, kina habari ambayo si rahisi kuisikia ikihubiriwa. Amnoni, mtoto wa mfalme Daudi, anampenda Tamari, dada yake kwa baba. Biblia inasema anampenda mpaka anaugua. Ungekuwa ni wimbo wa kizazi kipya, tungesema jamaa amependa kweli. Rafiki yake Yonadabu, mtu mjanja, anampa mpango: jifanye mgonjwa, omba dada yako aje akupikie. Tamari anakuja na moyo mweupe, anakanda unga, anaoka mikate. Amnoni anawatoa watu wote nje na kumshika. Tamari anakataa, anamsihi, anamweleza aibu atakayobaki nayo yeye na upumbavu atakaobaki nao Amnoni. Hasikilizi. Anatumia nguvu.

Sasa angalia kinachofuata. Mara tu baada ya tendo lile, Amnoni anamchukia Tamari, na chuki ile inazidi yale yaliyoitwa mapenzi. Anaagiza mtumishi amtoe nje na kufunga mlango.

Kijana mwenzangu, upendo hauwezi kugeuka chuki kwa dakika tano. Kama kimegeuka kwa dakika tano, hakikuwa upendo. Kilikuwa njaa. Njaa haimpendi samaki. Inamtaka sahani tu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kinyume cha kupenda ni kumtumia mtu. Ukiishaanza kumwona mtu kama kitu cha kukushibisha, siku akisema "hapana" utaona kama kiti kimekataa kukaliwa, na utakasirika kama mtu aliyeibiwa mali yake.

Na usimsahau Yonadabu. Kila Amnoni ana Yonadabu wake. Leo hana haja ya kuja nyumbani, yuko kwenye kundi la WhatsApp. "Mwanamke hawezi kukufanyia hivyo ukanyamaza." "Mwanangu, umemsomesha halafu anakuacha?" Huyo Yonadabu hatafikishwa mahakamani, lakini mpango ulitoka mdomoni mwake.

Kisha kuna wengine wawili. Absalomu anamwambia dada yake anyamaze, asilitie moyoni, kwani ni ndugu yake. Daudi, baba na mfalme, anakasirika sana, halafu basi. Hafanyi chochote. Miaka miwili ya kimya inapita, na mwisho wake Absalomu anamuua Amnoni. Ule ukimya ambao familia ilidhani utalinda heshima ya nyumba ndio ulioleta maiti nyumbani. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndani ya nyumba na nje ya nyumba

Tukisikia habari za mwanamke kuuawa, akili zetu hukimbilia kwa mtu asiyejulikana, gizani, njiani. Hao wapo. Mwaka 2017 wenzetu wa Uganda waliishi kwa hofu miezi kadhaa, wanawake zaidi ya 20 walipouawa maeneo ya Entebbe na Nansana na miili yao kutupwa. Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya baada ya wasichana kuuawa mfululizo, wengine wakiwa wamekwenda kukutana na watu waliofahamiana nao mtandaoni.

Lakini hesabu inatuambia tuangalie ndani pia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na kati yao 51,100, yaani 6 katika kila 10, waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao. Ni wastani wa watu 140 kila siku. Afrika ndiyo iliyoongoza. Kwa hiyo tunapomwambia binti "usitembee usiku, kaa nyumbani," tunasahau kwamba kwa wengi nyumbani ndipo penyewe.

Mnamkumbuka Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya? Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya mbio za kilomita 10 za wanawake pekee. Oktoba mwaka huohuo alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, akitoka kanisani na watoto wake, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye. Alifariki tarehe 5. Jumapili, wapendwa. Ametoka kusali.

Na hapa kwetu Mwanza, mwishoni mwa Mei 2022, mwanamke kijana alipigwa risasi na mumewe huko Ilemela, kisha mwili wa mume ukakutwa ziwani. Mnakumbuka mitandao ilivyosema wiki ile? Swali lililozunguka halikuwa "tulishindwaje kumlinda." Lilikuwa "alimfanya nini mume wake?" Marehemu hajazikwa vizuri, tayari ameshafunguliwa kesi.

Wataalamu wanaochunguza mauaji haya wanaona tofauti kati ya aina hizi mbili. Yule wa nje mara nyingi hamjui vizuri anayemuua. Anatafuta mwili wa kuutawala, na mtu yeyote aliye peke yake anaweza kuwa windo lake. Yule wa ndani anamlenga mtu mmoja, na mara nyingi anaua pale mtu huyo anapoondoka au anaposema anaondoka. Wa nje anasema, "Nataka, nitachukua." Wa ndani anasema, "Ni wangu, haendi popote." Lakini mzizi ni mmoja. Wote wawili wamekataa kuamini kwamba aliye mbele yao ni mtu kamili, mwenye ndiyo yake na hapana yake, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Usiku wangu

Sasa niwaambie kwa nini niliangalia chini pale gerezani.

Nilikuwa na msichana. Alikuwa mwanafunzi, mimi nilikuwa tayari nafanya vibarua. Nilimsaidia: vocha, nauli, mara nyingine hela ya kodi ya chumba. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba namjali. Ukweli ni kwamba kila nilipotoa hela nilikuwa naandika deni moyoni. Nilijua neno la siri la simu yake. Yeye hakujua la kwangu. Asipopokea simu mara mbili, ya tatu nilikuwa napiga nikiwa njiani kwenda kwake. Nilikuwa kwenye kwaya. Nilikuwa nasoma masomo Jumapili.

Akaniambia tuachane. Aliniambia kwa ustaarabu, na akasema amechoka kuogopa. Nilichosikia mimi ni "amepata mwingine."

Jioni moja nilikwenda kukaa kwenye mawe, mkabala na nyumba aliyopanga. Mwanza unaijua, mawe yako kila mahali. Nilifika kama saa tatu usiku. Nilijiambia naangalia tu nani anaingia. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kulikuwa na mama anakaanga samaki pale chini barabarani. Alipomaliza kuzima jiko na kukusanya vyombo vyake, alinisogelea akasema, "Mwanangu, umekaa hapo tangu nina samaki kwenye karai. Unamsubiri nani?"

Nikataka kujibu. Nikakosa jibu. Ndipo nikaona kwamba mkononi nilikuwa na jiwe, la ukubwa wa kujaza kiganja. Mpaka leo sikumbuki niliokota saa ngapi.

Yule mama aliliona pia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Weka chini hilo, nibebee hili karai mpaka kule juu." Nikaliweka chini, nikabeba karai. Tulipofika akaniambia, "Sasa nenda kwenu ukalale."

Wiki ile nilikwenda kuungama. Nilitaka padre aniambie kwamba sikufanya kitu. Hakuniambia hivyo. Nilimwambia nataka kwenda kumwomba yule dada msamaha. Akanikatalia. "Usimfuate. Kumfuata ndiyo dhambi yenyewe. Ukimfuata ili utulize moyo wako, bado unamtumia." Aliniambia nifute namba yake, nimweleze kaka yangu mkubwa kila kitu bila kupunguza, na kila nikiona hasira inapanda nimpigie kaka simu kabla sijatoka mlangoni. Niliona ni malipizi ya ajabu. Nilitegemea rozari. Lakini ndicho kitu kigumu nilichowahi kufanya, kumwambia kaka yangu kuhusu lile jiwe.

Kwa hiyo mzee aliposema "siku ile haikuanza siku ile," nilijua anasema nini. Kati yangu na yeye kulikuwa na ukuta wa gereza na mama mmoja muuza samaki. Sikuwa mtakatifu kuliko yeye. Niliulizwa swali mapema kuliko yeye.

Inavyoanza

Ninaandika haya si ili mnisifu kwa kutubu. Ninaandika kwa sababu tunafundishwa kwamba mauaji haya ni "hasira ya ghafla," ni "shetani alimpitia." Shetani hupita, sawa, lakini hupita kwenye njia ambayo mtu ameifyeka mwenyewe.

Mtafiti mmoja wa Uingereza, Jane Monckton Smith, alichambua mauaji 372 ya wenzi nchini mwake na mwaka 2019 akaonyesha kwamba mengi yalipita hatua zilezile. Mtu mwenye historia ya kuwabana wapenzi wake anaingia kwenye uhusiano mpya kwa kasi kubwa. Anaanza kutawala. Kinatokea kitu kinachotishia utawala wake, hasa kuachwa. Anazidisha vitisho na kufuatilia. Halafu mawazo yake yanageuka: anaacha kutaka arudiwe, anaanza kutaka kulipiza. Anapanga. Anaua. Ukiisoma hiyo orodha utaona kwamba kabla ya damu kulikuwa na nafasi nyingi za mtu kuuliza, "Unamsubiri nani?"

Kwa hiyo dada, na kaka pia maana wapo wanaoteswa, hizi ni dalili ambazo usizichukulie kama mapenzi:

Amekukaba shingo, hata mara moja. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa shingo na mwenzi wake ana hatari kubwa zaidi, mara kadhaa, ya kuja kuuawa naye. Usihesabu kama ugomvi wa kawaida.

Anatishia kukuua, au kujiua ukimwacha. Anakulazimisha tendo la ndoa. Anakufuatilia kazini, chuoni, kanisani. Anakutenga na ndugu na marafiki. Ana silaha na anapenda kuitaja. Na zaidi ya yote, umemwambia unaondoka. Wakati huo ndio wa hatari kubwa. Usikubali kwenda peke yako kwenye "kikao cha mwisho," wala kufuata vitu vyako peke yako.

Eti wivu ni dalili ya mapenzi? Hapana. Wivu ni dalili ya wivu.

Anuarite, na neno tunalolikosea

Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 1939. Aliingia shirika la masista la Jamaa Takatifu. Wakati wa vita vya Simba mwaka 1964 wanajeshi waasi waliwachukua masista kutoka konventi ya Bafwabaka mpaka Isiro. Kamanda mmoja alimtaka awe mke wake kwa nguvu. Sista alikataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba alipigwa, akachomwa visu, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 24. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri pale Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Tunamheshimu kwa haki. Lakini naomba tusiitumie habari yake, wala ya Mtakatifu Maria Goretti, kuwaumiza walio hai. Nimeshasikia kwenye mafunzo ya vijana mtu akisema kwamba binti mwema anapaswa afe kuliko kubakwa. Maneno hayo yana sumu. Katika wasichana waliokuwa wamekaa pale wakisikiliza, unajua wangapi yaliwahi kuwakuta? Umewaambia kwamba kosa lao ni kubaki hai.

Mtakatifu Augustino, ambaye chuo kikuu chetu cha Malimbe kina jina lake, alilijibu jambo hili zamani sana. Baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410, wanawake Wakristo walibakwa, na watu wakawacheka. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, Augustino aliwatetea: usafi uko katika nia, na mtu aliyetendewa kwa nguvu bila kuridhia hajapoteza usafi wake. Aibu ni ya mtenda. Ukiwa wewe ndiye uliyetendewa hivyo na unasoma haya, soma tena sentensi hiyo. Wewe si mchafu. Anuarite ni mwenyeheri kwa sababu alishika ahadi yake kwa Mungu kwa uhuru. Wewe uliyenusurika si mpungufu mbele yake.

Na kuhusu msamaha. Muuaji wa Maria Goretti, Alessandro Serenelli, alihukumiwa miaka 30, akakaa gerezani 27. Alipotoka alikwenda kumwomba msamaha mama yake Maria, na mama akamsamehe. Angalia mpangilio huo. Gereza alitumikia. Toba alifanya. Msamaha ulitolewa na mtu mwenye haki ya kuutoa, si kwa kulazimishwa na kamati ya usuluhishi. Kusamehe si kurudi kwenye chumba chenye kisu.

Kanisa linasema nini hasa

Wengi wetu tumemsikia mtu akimwambia mke anayepigwa, "Vumilia, ndoa ni msalaba." Ndugu zangu, Yesu aliubeba msalaba kwa hiari yake ili kutuokoa. Hakumwagiza mwanaume yeyote amtengenezee mke wake msalaba kwa ngumi.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kuondoka pale mwenzake anapomhatarisha sana roho au mwili, na kama kuchelewa kuna hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, alifundisha kwamba kutengana kunaweza hata kuwa wajibu ili kumlinda aliye dhaifu na watoto. Kukimbia ili usiuawe si kuvunja sakramenti. Aliyeipiga ndoa ngumi ndiye anayeivunja.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Zaidi ya miaka 50! Lakini utafiti wa MAISHA, uliofanyika hapahapa Mwanza kwa wanawake 1,049 waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo, ulikuta karibu 6 kati ya 10 wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo na mwenzi. Hao ni mama zetu wa VICOBA, dada zetu sokoni. Pengine ni yule aliyekaa mbele yako Misani.

Tufanye nini?

Dada: mwambie mtu, leo. Kila kituo kikubwa cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Shirika la Kivulini limekuwa hapa Mwanza tangu mwaka 1999 likiwasaidia wanawake wanaopitia ukatili. Ukibakwa, wahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kukukinga na maambukizi ya VVU zinahitaji kuwahiwa. Usioge kwanza, na usifue nguo ulizokuwa umevaa. Mtoto akiwa hatarini, piga 116.

Kaka: kuachwa si kufa. Kunauma, sibishi, mimi nililala sakafuni wiki mbili. Lakini chipsi kuku uliyonunua hukununulia mtu. Ada uliyolipa haikukupa hati ya kumiliki roho. Kama huwezi kutoa bila kudai, usitoe. Ukijikuta umekaa mahali unamvizia mtu, tayari umeshafika mbali. Nyanyuka, mpigie mtu simu. Nenda kaungame kabla hujawa na cha kuungamia gerezani.

Na sisi marafiki. Somo la pili la leo ni la Susana. Wazee wawili waheshimiwa walimtaka, akakataa, wakamsingizia ili ahukumiwe kifo. Umati wote uliwaamini kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Aliyesimama na kusema hapana alikuwa Danieli, na Biblia inasema wazi kwamba alikuwa kijana. Hakuwa na jeshi. Aliwatenganisha wale wazee, akawauliza swali moja kila mmoja: ilikuwa chini ya mti gani? Swali moja likaokoa maisha ya mtu.

Yule mama wa samaki naye aliuliza swali moja. Ninaamini Roho Mtakatifu aliazima mdomo wake usiku ule, ukinuka moshi na mafuta ya kukaangia. Aliokoa watu wawili. Mmoja hajui kabisa kwamba aliokolewa.

Tujiulize katika sala

Je, kuna mtu ananiogopa? Siyo ananiheshimu: ananiogopa?

Je, mimi ni Yonadabu wa nani? Ni maneno gani niliyoandika kwenye kundi ambayo siwezi kuyasoma mbele ya Ekaristi?

Je, kuna mtu kwenye jumuiya yangu amevaa mtandio shingoni wakati wa joto, na mimi sijamuuliza kitu?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyesimama kati ya mwanamke na watu wenye mawe mikononi, simama tena kati yetu. Wapokee kwako wote waliouawa na waliosema wanawapenda, na wote waliouawa na watu wasiowajua. Wafariji mama zao na watoto wao. Mpe anayeteswa leo mlango wa kutokea na mtu wa kumfungulia. Mpe mwenye jiwe mkononi mtu wa kumuuliza swali. Na walioko gerezani uwape toba ya kweli. Mwenyeheri Anuarite, utuombee. Amina.

Kama kesho ukimwona mtu amekaa mahali muda mrefu kupita kiasi, usipite tu. Muulize.

Tumsifu Yesu Kristo!